Kushoto Sufu, Kulia Pamba

Duka la Anganetha Friesen lina rafu moja tu ya vijazo,
nami nimesimama mbele yake tangu saa nne,
kofia mkononi, theluji ikiyeyuka viatuni,
navibonyeza kimoja kimoja
kama mtu asiyeamini mkate umeiva.

Poliesta ni nyepesi, inaumuka, bei yake haiumi,
lakini haipumui. Ukilala chini yake
unaamka umelowa kama mwenye homa.
Pamba inatulia. Inakubali sindano bila ubishi,
nayo ikifuliwa inazeeka kwa adabu.
Sufu ina joto la kitu kilichowahi kuwa hai.
Ukiinusa vizuri, kondoo bado yumo.

"Chagua moja," Anganetha ananiambia.
"Usichanganye. Zikiingia majini
kila moja itarudi kwa mama yake."

Anajua kazi. Amewafunika maharusi wa vijiji vitatu.
Lakini hajalala kitanda kimoja na Kornelius
tangu damu imgande kichwani mwezi wa mavuno.
Kulia kwake ni kiangazi: anatupa shuka, anatoka jasho.
Kushoto ni Januari ya Manitoba.
Mguu ule nikiushika
ni kama nimeshika koleo lililolala nje.
Mpaka unapita katikati ya kifua,
ningeweza kuuchora kwa chaki.

Nikanunua zote mbili.

Vipande arobaini na viwili, sita kwa saba.
Sishoni mfarishi mzima. Nani angeusukuma
kwenye koo la cherehani yangu, kwa mikono hii?
Nashona kipande kimoja kimoja: uso, kijazo, bitana,
napiga bandi, natia mishono, naweka kando.
Kipande kimoja kinaenea mapajani
pembeni mwa kitanda, taa ikiwa chini,
na mtu akikohoa unaweza kukiacha
usipoteze mahali ulipofika.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani nina nyuzi zangu, za bluu, vibiringo vitano.

Safu tatu za kulia, pamba.
Safu tatu za kushoto, sufu,
na penye nyayo nikaongeza tabaka la pili,
nikavunja sindano mbili,
nikatukana kwa Kijerumani cha bibi yangu,
lugha ambayo Mungu wetu huisikia upesi zaidi.

Kwa macho huwezi kujua. Bluu ni ile ile,
kaki ni ile ile ya suruali zake za shambani.
Ni kiganja tu kinachojua, kikipita juu:
hapa panalala,
hapa panainuka.
Kwenye pembe ya mguu wa kushoto nikafunga fundo jekundu
ili nisisahau.

Nilichosahau ni kumwambia mpwa wetu Margareta.
Jumanne alikuja kutandika, akatandika kinyume,
fundo jekundu begani, kulia.
Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi
nikasikia sauti niliyokwisha kuitundika kabatini
pamoja na suti yake:

"Geuza."

Wiki tisa alikuwa akinipa irabu tupu.
Neno lake la kwanza lenye mifupa yote
lilikuwa lalamiko.
Nilicheka mpaka kisu kikaanguka.
Tukaugeuza.

Mwezi wa tatu niliufua. Anganetha alisema kweli,
sitamnyima haki yake: sufu ilijikunja,
pamba ikabaki ilipo,
na sasa mfarishi umekwenda upande
kama mdomo wake anapojaribu kutabasamu.
Naunyoosha kila asubuhi. Haunyooki.
Wageni wakiuona huuliza nani alipima.

Mimi ndiye niliyepima.
Kwa kiganja, usiku,
huku na huku.